Nimebadilisha nembo kwenye InDesign, kurasa 16 zimegoma. Tatizo ni nini?

#1 Mchora_Mabango
Wakuu salaam.

Nina kitabu cha miaka 50 ya shule moja ya sekondari, kurasa 96, nakipanga kwa InDesign, programu ya kupanga kurasa. Nembo ya shule inakaa juu ya kila ukurasa na nimeiweka kwenye ukurasa mama (kiolezo ambacho vitu vyake vinajitokeza kwenye kurasa zinazokifuata). Juzi mteja kapiga simu: nembo imebadilika, mwenge uliokuwa mwekundu sasa ni wa dhahabu, na chini imeongezwa kaulimbiu. Nikafungua faili la nembo kwenye Illustrator (programu ya kuchorea), nikarekebisha, nikasevu kwa jina lile lile. Niliporudi InDesign ikatokea pembetatu ya njano, nikaibonyeza mara mbili, ikaondoka. Nikaona kazi imekwisha, nikalala.

Leo napitia kurasa: 37 hadi 52 bado mwenge mwekundu! Nyingine zote dhahabu. Nimefunga faili nikafungua, nimezima kompyuta nikawasha, wapi. Ijumaa kazi inaingia kiwandani.

Swali langu: si tunaambiwa picha ikiunganishwa na faili, faili likibadilika basi zote zinabadilika? Hizi 16 zimepata wapi kiburi?

#2 Fremu_Tupu
Kwanza usiamini macho. InDesign haiiweki picha yenyewe ndani ya hati. Inahifadhi njia ya kufikia faili pamoja na kivuli cha picha cha kukuonyesha kwenye skrini. Kivuli kinaweza kubaki cha zamani. Toa PDF ya kurasa hizo 16 uangalie, ndipo uanze kulia.

#3 Mchora_Mabango
@Fremu_Tupu nimetoa PDF. Mwekundu vilevile.

#4 Fremu_Tupu
Basi lia.

#5 Bi_Chapa
Ulibonyeza pembetatu ipi? Faili moja likitumika mara nyingi, paneli ya linki (orodha ya faili zilizounganishwa na hati) inazikusanya chini ya mstari mmoja wenye kimshale. Ukichagua mstari wa juu, zinasasishwa zote. Ukifungua kimshale ukachagua mmoja wa ndani, unasasisha huyo huyo peke yake, wenzake wanabaki na pembetatu zao. Fungua paneli kwa Ctrl+Shift+D utuambie unaona nini.

#6 Kijana_wa_Corel
Nyie watu mnajitesa. Corel, programu yangu ya kuchorea, ukileta picha inaingia ndani ya faili, habari imeisha. Sijawahi kuamka usiku kutafuta linki.

#7 Mzee_wa_Plati
@Kijana_wa_Corel na ndiyo maana ulituletea kalenda ya kurasa 12 kwenye faili la jigabaiti 3, ikachukua asubuhi nzima kufunguka. Halafu Corel nayo ina njia ya kuunganisha picha ya nje ukitaka, ni vile hujawahi kuigusa.

#8 Kijana_wa_Corel
😂😂 Mzee hiyo kalenda mpaka leo?

#9 Mchora_Mabango
@Bi_Chapa nimefungua. Naona hivi:
- logo_shule.ai, ukurasa A, zipo mbili (kushoto na kulia). Hakuna alama yoyote.
- logo_shule.ai TENA, mstari mwingine, kimshale chake kina 14 ndani. Nao hauna alama.
Kwa hiyo jina moja, mistari miwili. Hii imekuwaje?

#10 Bi_Chapa
Hapo ndipo penye mchawi. Jina moja si faili moja. InDesign inaangalia njia nzima, kuanzia diski mpaka folda ya mwisho. Bonyeza mstari wa pili usome njia yake chini ya paneli. Nina hakika ni folda nyingine.

#11 Mchora_Mabango
Dah. Ya kwanza ipo kwenye folda ya kazi. Ya pili ipo Downloads! Sasa nakumbuka: sura ya nne (37 hadi 52) aliipanga kijana wangu kwenye kompyuta yake, akanitumia folda nzima, nikaifungulia hapo hapo Downloads, nikahamishia kurasa zake kwenye kitabu.

#12 Fremu_Tupu
Kwisha kazi. Faili la Downloads hukuligusa, kwa hiyo InDesign haina sababu ya kukuonya. Kwa upande wake kila kitu kiko sawa: linki ipo, haijabadilika. Njano maana yake faili limebadilika, alama nyekundu ya kuuliza maana yake halionekani kabisa. Hakuna rangi ya "umekosea folda".

Chagua mstari wa pili, bonyeza alama ya mnyororo, onyesha faili sahihi. Mstari wa juu ukiwa umechaguliwa unaunganisha zote 14 kwa mpigo.

#13 Swala_wa_Nairobi
Ngoja kidogo. Hiyo maelezo ya Downloads ni nusu tu. Yeye amesema nembo iko kwenye ukurasa mama. Kama iko kwa ukurasa mama, linki inafaa kuonekana kwa paneli ikiwa na herufi ya huo ukurasa, A, si mara 14 na nambari za kurasa. Hizo 14 zimeshatolewa kwa mama zikakuwa za kurasa zenyewe. Nani alizitoa?

#14 Mzee_wa_Plati
Swali zuri. Kitu cha ukurasa mama hakishikiki kwenye ukurasa wa kawaida mpaka ubonyeze Ctrl+Shift na kukigonga. Ukishafanya hivyo umemtoa mtoto nyumbani, ila si kabisa. Ukimbadilisha rangi, rangi tu ndiyo inakuwa yake. Mama akihama mahali, mtoto bado anahama naye. Akibadilishwa mahali, basi mahali ndipo panakuwa pake, mengine anaendelea kumfuata mama. Watu wengi hawajui hili, wanadhani ni ama amefungwa ama yuko huru. Kuna amri nyingine ya kumkata undugu moja kwa moja.

Sisi tulioanza na PageMaker, programu ya zamani ya kupanga kurasa, hatukuwa na anasa hiyo. Kitu cha ukurasa mama ulikionyesha au ulikificha, basi.

#15 Kijana_wa_Corel
PageMaker 😂 mzee ulikuwa unapangia magazeti ya mkoloni?

#16 Mzee_wa_Plati
PageMaker ilitoka 1985, mtoto wewe. Aldus ndio walioitengeneza, Adobe wakainunua kampuni nzima 1994, na InDesign ikaja 1999. Mkoloni alishaondoka zamani. Heshimu mvi.

#17 Tende_na_Halua
Mie naona sababu ni kule kuhamisha kurasa. Ukihamisha ukurasa kutoka hati moja kwenda nyingine unakwenda na mama yake. Kwa hivyo kitabu sasa kina mama wawili, A wa mwenye uzi na A wa kijana.

#18 Bi_Chapa
@Tende_na_Halua hapana kaka, si kwa majina yanayofanana. Mama wa hati unayotoka akiwa na jina sawa na mama wa hati unayoingia, ukurasa uliohamishwa unavikwa mama wa hati unayoingia. Anayekuja naye ni yule mwenye jina tofauti. Hapa wote walianza na kiolezo kimoja, A na A.

#19 Tende_na_Halua
Ahsante kwa sahihisho. Lakini basi hizo 14 zimetoka wapi?

#20 Swala_wa_Nairobi
Ndio hiyo nilikuwa nauliza. Nadhani kijana alizifungua ili abadilishe kitu, labda rangi ya mstari wa juu kwa sura yake. Akifungua mstari akiwa amechagua vyote, nembo pia inafunguka. Kurasa zilipohamishwa, zilizofunguliwa zikabaki kama vitu vya kawaida vya ukurasa, na mama mpya akavikwa chini yao.

@Mchora_Mabango fanya hivi: ukurasa wa 38, shika nembo nyekundu usogeze kando. Chini kuna nini?

#21 Mchora_Mabango
MUNGU WANGU. Chini kuna ya dhahabu!! Zilikuwa mbili zimelaliana!

#22 Fremu_Tupu
😂😂😂 Kwa hiyo muda wote mama alikuwa ameshavaa nguo mpya, watoto wamesimama mbele yake na nguo za zamani.

#23 Bi_Chapa
Sasa usiziunganishe upya kama @Fremu_Tupu alivyosema #12. Utakuwa na nembo mbili za dhahabu zimelaliana, na kingo zake zitaonekana nzito. Zifute tu hizo 14.

#24 Kalamu_Nyekundu
Naingilia kidogo na kisa changu maana mnazungumzia picha tu. Maandishi nayo yanaunganishwa, na hayo ndiyo yaliyoniliza.

Kawaida ukileta faili la Word, InDesign inayachukua maneno na kumsahau Word kabisa. Lakini kwenye mapendeleo (Ctrl+K), sehemu ya kushughulikia faili, kuna kisanduku cha kuunganisha maandishi na majedwali yanapoletwa. Mimi nilikitia alama, nikiona ni ujanja: mwandishi akirekebisha kwenye Word, kwangu inajirekebisha. Nikapanga ripoti kurasa 60, nikaweka mitindo, nikarekebisha nukta na mkato humo humo. Mwandishi akabadilisha neno MOJA kwenye Word. Pembetatu ikaja, nikaibonyeza. Kila nilichorekebisha ndani ya InDesign kikafutika, ikarudi Word ilivyo.

Ilinionya kwa kisanduku, sikatai. Ila nani anasoma visanduku saa sita usiku?

#25 Mzee_wa_Plati
Pole dada. Ctrl+Z haikukusaidia?

#26 Kalamu_Nyekundu
Nilishasevu na kufunga. Niligundua asubuhi.

#27 Mpanga_Vipeperushi
Hiyo ya @Kalamu_Nyekundu ni ndugu na ile ya kuweka na kuunganisha iliyokuja na toleo la CS6 la InDesign mwaka 2012. Unachukua fremu ya kipeperushi cha A4, unaweka nakala yake kwenye A5, nakala inabaki imeungwa na ya asili. Ukihariri ya asili, nakala inapata pembetatu. Ukisasisha, yale uliyobadilisha kwenye nakala yanafunikwa. Kuna chaguo za linki ambapo unaiambia ihifadhi ukubwa na umbo, au mwonekano, au maudhui ya fremu ya nakala. Ukisahau kuchagua, saizi ya herufi uliyopunguza kwa ajili ya A5 inarudi ya A4 na maneno yanamwagika nje ya fremu.

Naipenda, lakini natumia kwa bei na tarehe tu. Aya ndefu hapana.

#28 Mchora_Mabango
Nimefuta zote 14. Kurasa zimependeza. Asanteni sana wakuu.

LAKINI. Nilisema kurasa 37 hadi 52, hizo ni 16. Kwenye paneli zilikuwa 14. Ukurasa 41 na 48 bado vyekundu, na kwenye paneli havipo kabisa.

#29 Kijana_wa_Corel
Uzi unanoga huu. Naleta kahawa na kashata.

#30 Fremu_Tupu
Hizo mbili zimebandikwa. Kijana alinakili nembo kwenye Photoshop akaja kubandika moja kwa moja. Picha ukiibandika hivyo inaingia ndani ya hati bila linki, paneli haiijui. Hutaisasisha milele, maana haina pa kwenda kuuliza.

#31 Bi_Chapa
Au aliinakili kutoka Illustrator. Hapo haiwi hata picha, inageuka kuwa michoro ya InDesign yenyewe, mistari na rangi. Ukiigonga kwa mshale mweupe utaona nukta nukta za kuchorea. Matokeo ni yale yale: hakuna linki.

#32 Swala_wa_Nairobi
Au kurasa 41 na 48 ziko na ukurasa mama tofauti, tuseme B, na nembo ilibandikwa kwa huyo B. Sababu mama wa jina tofauti anakuja na ukurasa, kama @Bi_Chapa alivyosema #18.

#33 Tende_na_Halua
Kwa hivyo na mie nilikuwa na haki yangu kidogo pale #17.

#34 Swala_wa_Nairobi
Robo ya haki.

#35 Mjuzi_wa_Seva
Mbona hakuna aliyetaja saa? Ofisini kwetu picha zote ziko kwenye seva, na kwa muda mrefu kila asubuhi tulikuta pembetatu za njano kwenye hati ambazo hakuna aliyezigusa. Tunasasisha, kesho zimerudi. Tukaja kuona saa ya seva na saa za kompyuta zetu hazilingani. InDesign inaangalia muda faili lilipobadilishwa mara ya mwisho, ikikuta tofauti inapiga kelele. Tuliporekebisha saa zikapungua sana. Huenda kwa mwenye uzi ni kinyume chake.

#36 Fremu_Tupu
@Mjuzi_wa_Seva yako ni njano isiyo na sababu. Yeye hana hata mstari kwenye paneli. Saa haiwezi kuficha linki isiyokuwepo.

#37 Mjuzi_wa_Seva
Sijasema inaficha, nimesema huenda. Pia mmesahau flashi. Leo Windows inaiita E, kesho ukiichomeka pamoja na modemu inaitwa F, linki zote zinageuka nyekundu. Hilo nimeliona mara nyingi kuliko dhambi nyingine zote mlizotaja.

#38 Mzee_wa_Plati
Flashi ni kweli kabisa. Vijana wanatuletea faili la InDesign peke yake kwenye flashi, picha wameziacha nyumbani. Nikifungua naona picha zipo kwenye skrini, nzuri tu, kumbe ni vile vivuli. Ukitoa PDF hivyo, kinachokwenda kwenye plati (bamba la kuchapia) ni kivuli. Programu inaonya, mtu anabonyeza sawa. Nilichapa kadi za mchango wa harusi namna hiyo, sura ya bibi harusi ikatoka kama imefunikwa chandarua. Nikazirudia kwa gharama yangu kwa kuwa PDF niliitoa mimi.

Bonyezeni Ctrl+Alt+Shift+P. Inakusanya hati, fonti na picha zote kwenye folda moja, picha zinakaa kwenye folda ndogo iitwayo Links. Leta folda yote.

#39 Kalamu_Nyekundu
Hilo la kivuli lina jambo la kuchekesha. Picha ndogo sana, za kilobaiti 48 kushuka chini, InDesign inazihifadhi nzima ndani ya hati hata kama linki ipo. Ndiyo maana vialama vidogo vya simu na barua pepe vinatoka vizuri hata ukisahau folda, na picha kubwa ya mgeni rasmi inatoka ukungu.

#40 Mpenda_Bure
Natumia Scribus, programu ya kupanga kurasa, bure na halali. Faili lake ni maandishi matupu ya XML. Picha zikipotea nalifungua kwa kihariri cha kawaida, natafuta jina la folda ya zamani, naweka jipya, nasevu. Dakika moja. Huko kwenu mnalipia kila mwezi ili kuteseka.

#41 Kijana_wa_Corel
@Mpenda_Bure umesema mnalipia? Hapa? 😂😂😂

#42 Msimamizi
Mada hiyo hapana. Turudi kwenye nembo.

#43 Bi_Chapa
@Mchora_Mabango tukiwa tunasubiri: umesema nembo imeongezwa kaulimbiu chini. Je, kaulimbiu inaonekana kwenye kurasa zako zile nzuri?

#44 Mchora_Mabango
...
Aisee. Imekatwa nusu. Kila ukurasa. Kitabu kizima. Yaani nilikuwa naangalia rangi ya mwenge tu.

#45 Bi_Chapa
Nilijua. Linki ikisasishwa inabadilika picha iliyo ndani, fremu inabaki na kimo chake cha zamani. Nembo imerefuka, dirisha ni lile lile. Nenda ukurasa mama, kushoto na kulia, refusha fremu zote mbili. Ukifanya hapo kitabu chote kimepona.

#46 Mpanga_Vipeperushi
Inategemea pia uliileta vipi. Faili la Illustrator ukilileta huku umefungua chaguo za kuleta, unachagua ikatwe kwa ukingo wa mchoro au kwa ukubwa wa ukurasa wake. Ukichagua ukingo wa mchoro, kila ukiongeza kitu ukingo unakua. Ukichagua ukurasa mzima, nafasi haisogei hata ukichora nini ndani. Mimi nembo zote naleta kwa ukurasa mzima.

#47 Fremu_Tupu
Mimi kinyume chako. Ukurasa mzima unakuja na nafasi nyeupe pembeni, huwezi kupanga sawa na ukingo wa maandishi.

#48 Mpanga_Vipeperushi
Punguza ukurasa kwenye Illustrator ulingane na mchoro. Hujui kufanya hivyo?

#49 Fremu_Tupu
Najua. Na mteja akiongeza kaulimbiu unaupanua tena, tumerudi pale pale.

#50 Swala_wa_Nairobi
@Mchora_Mabango na 41 na 48? Ukizigonga zinashikika ama hazishikiki?

#51 Mchora_Mabango
Hazishikiki. Hata kwa Ctrl+Shift. Nikigonga hakuna kinachotokea.

#52 Swala_wa_Nairobi
Kwa Ctrl+Shift pia? Basi B yangu imeingia shaka. Isipokuwa huko kwa mama wamezuia kitu kisifunguliwe, hiyo pia inawezekana.

#53 Bi_Chapa
Au leya (tabaka la vitu) imefungwa kufuli. Angalia paneli ya leya.

#54 Fremu_Tupu
Au ukurasa mzima ni picha. Kijana alipanga kwingine akaja kuupachika kama picha, akaifunga. Muulize tu kijana!

#55 Mchora_Mabango
Kijana hapokei simu, yuko kwenye mtihani wa chuo.

Wakuu nimetatua. Kaulimbiu imekaa sawa kitabu kizima. Kwenye 41 na 48 nimechora kisanduku cheupe juu ya nembo nyekundu, nikaweka ya dhahabu juu yake. Haionekani kabisa. PDF nimeshatuma kiwandani dakika kumi zilizopita. Mbarikiwe sana.

#56 Bi_Chapa
Kisanduku cheupe 🤦🏾‍♀️

#57 Mzee_wa_Plati
Nimefanya kazi hii tangu enzi za kukata filamu kwa wembe, na nasema kisanduku cheupe hakijawahi kuniacha salama.

#58 Kalamu_Nyekundu
Swali dogo tu. Mwanzo wa sura huwa mnaweka rangi ya chini au karatasi ni nyeupe tupu? Naona watu wa vitabu vya jubilei wanapenda krimu kwenye kurasa za picha.

#59 Mchora_Mabango
Sura ya nne ndiyo ya picha. Ina krimu kidogo sana, asilimia 5 tu ya njano. Kwenye skrini yangu haionekani.

#60 Mzee_wa_Plati
Kwenye karatasi itaonekana.

#61 Mchora_Mabango
Ngoja nipige simu kiwandani.